Fidia ya Fundi Saa

Shati lilikuwa gumu kunyooka mgongoni. Mama Pasi alilinyunyizia maji kwa vidole, akalivuta hadi ncha ya meza, akapitisha pasi mara ya pili. Lilikuwa shati la samawati lenye nembo ya radi ndogo mfukoni, vazi la shirika la umeme. Wafanyakazi wa shirika walikuwa wateja wake wa miaka mingi, na mashati yao aliyapiga pasi kwa uangalifu kuliko mengine. Mume wake alikuwa akimtania: "Yanyooshe hayo, mke wangu. Pengine wakinyooka wao, umeme nao utanyooka." Sasa mtani mwenyewe yuko chini ya udongo, na mashati bado yanaletwa.

Mita ya ukutani ilianza kulia. Uniti zilikuwa ukingoni. Alichomoa pasi, akaisimamisha kwenye kigae, akalirudisha shati kwenye kapu na wenzake.

"Wifi," aliita dada wa marehemu kutoka uani, alikokuwa akisuuza vyombo. "Mwenye ile mashine ya oksijeni tuliyokodi kapiga tena. Anakuja kuichukua jioni. Anasema kuna mgonjwa mwingine anaisubiri."

"Aje."

"Na simu yako imelia, ujumbe umeingia. Usije ukawa wa mwenye nyumba, maana huyo naye hachoki."

Haukuwa wa mwenye nyumba. Ulikuwa wa shirika la umeme. *Mpendwa mteja, kufuatia hitilafu kubwa ya hivi karibuni, umepewa uniti mbili kama fidia. Ingiza namba hii kwenye mita yako. Tunathamini uvumilivu wako.*

Wifi alikuja akijipangusa mikono kwenye kanga, akasoma juu ya bega lake. "Mbili? Hata supu haichemki. Lakini ingiza, wifi, ulikuwa umeshaishiwa."

Mama Pasi hakuingiza. Alipandisha kidole kwenye kioo cha simu, na juu ya ujumbe wa fidia, kutoka kwa mtumaji yule yule, zikatokea jumbe za siku ile. Hakuwa amezifuta. Zilikuwa zimejipanga kama mashati, zote sawa.

Siku ile umeme ulikatika baada ya chakula cha mchana. Mashine ya oksijeni iliyokuwa kando ya kitanda ililia kidogo, halafu ikanyamaza. Mume wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Saa, aliinua mkono kumwonyesha hajambo. Mapafu yake yalikuwa yamechoka zamani, lakini akili ilikuwa kali, na vidole bado viliweza kufungua saa ya mkononi na kutoa kijigurudumu kidogo kuliko punje ya mtama. Mama Pasi alihamishia mrija wa puani kwenye mtungi wa akiba. Ulikuwa mtungi mdogo, wa kumfikisha mgonjwa hospitali, si wa kukaa nao.

"Nimwite jirani atoe gari," alisema. "Twende zetu hospitali."

Hapo ndipo simu ilipolia. *Mpendwa mteja, mafundi wetu wako kazini. Umeme utarejea baada ya nusu saa.*

Fundi Saa aliutazama ujumbe, akaitazama saa ya ukutani. "Nusu saa ni nusu saa," alisema kwa pumzi fupi. "Mtungi unatosha. Tusiwasumbue watu."

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Mteja akiambiwa arudi baada ya nusu saa, alikuta saa yake iko tayari, imefutwa kioo, inatembea. Akichelewa hata kidogo, aliomba radhi na kukataa malipo, na mkewe alimgombeza kwa hilo maisha yao yote. Haikumwingia akilini kwamba kuna watu wanaweza kuandika nusu saa kama mtu anavyokohoa.

Nusu saa ikapita. Ukaja ujumbe mwingine: baada ya nusu saa. Fundi Saa akakunja uso kama aliyekuta saa ya mteja inachelewa. "Wamekosea hesabu," alisema. "Sasa watakuwa wamepata." Ukaja wa tatu. Mama Pasi alipotoka mbio kumwita jirani, mshale wa kipimo cha mtungi ulikuwa umelala kwenye sifuri. Taa za kuongozea magari zilikuwa zimezimika, magari yamefungana kwenye njia panda kila moja likilipigia mwenzake honi. Hapo, kiti cha nyuma cha gari la jirani, kichwa kikiwa mapajani mwa mkewe, Fundi Saa alikata roho. Saa ya mkononi mwake iliendelea kutembea.

Simu ikalia tena. *Baada ya nusu saa.* Umeme ulirudi siku ya pili, watu wakiwa wanatoka makaburini.

"Naenda kwao," Mama Pasi alisema, akajifunga mtandio.

"Kufanya nini, wifi? Wale watakupiga danadana mpaka miguu ivimbe. Kaka yangu hatarudi."

"Najua harudi. Naenda kuwauliza swali moja tu."

Ofisi ya shirika ilikuwa na milango ya kioo na foleni iliyotoka hadi kwenye ngazi. Nje, jenereta kubwa ilinguruma. Kumbe wao hawakuwa na shida ya kukatikiwa. Nyuma yake alisimama muuza nyama, mtu mnene mwenye madoa yasiyotoka kwenye viatu.

"Mama, wewe umeunguza nini?" alimuuliza.

"Sijaunguza kitu."

"Basi una heri. Mimi friji zima limeoza. Nimewaambia waje waone, wakasema nilete ushahidi. Nikawaletea ushahidi, wakasema unanuka." Watu wakacheka, naye akacheka, ingawa macho hayakucheka. "Wamenirudisha mara ngapi sijui. Hata mlinzi sasa ananiita mjomba."

Foleni ilisogea kama konokono. Ilipofika zamu yake, msichana wa dirishani hakuinua macho. "Namba ya mita?" Mama Pasi aliitaja. "Umepoteza nini?"

"Mume."

Vidole vya msichana vilisimama juu ya kompyuta. Aliinua macho. "Pole, mama. Pole sana." Alitazama kushoto na kulia kama anayetafuta mkubwa. "Lakini mimi hapa nina friji, televisheni, mota na vyakula. Hakuna sehemu ya… Mfumo hauna."

"Sikuja kudai vitu, mwanangu. Nataka kumwona aliyeandika huu." Alipitisha simu chini ya kioo.

Msichana alisoma. "Huu hauandikwi na mtu, mama. Unajituma wenyewe."

"Huo ujumbe ulijuaje kwamba ni nusu saa?"

"Haujui."

"Kwa nini sasa ukasema nusu saa?"

Msichana alisogea karibu na kitundu cha kioo. "Ndivyo ulivyowekwa," alisema kwa sauti ya chini. "Umeme ukikatika popote, kwa sababu yoyote, unasema nusu saa. Watu wasipige simu nyingi."

Mama Pasi alishika ukingo wa kaunta. Siku zote tangu mazishi alikuwa akimfikiria fundi fulani, amepanda juu ya nguzo, amekadiria vibaya. Mtu anaweza kukadiria vibaya. Alikuwa hata amejiandaa kumsamehe. Sasa aliambiwa hapakuwa na mtu wala kukadiria, na kwamba mumewe alikuwa amelala pale anaikodolea macho saa ya ukutani, anasubiri maneno yaliyowekwa ili simu za ofisini zisilie.

"Niitie mkubwa wako," alisema.

Msimamizi alikuja akiwa amebeba kikombe. Shati lake la samawati lilikuwa na mkunjo mmoja ulionyooka kutoka begani hadi kwenye kifungo cha mkono, na Mama Pasi aliufahamu mkunjo ule kama anavyofahamu kiganja chake. Msimamizi hakumfahamu. Mashati yake huletwa na dereva.

"Pole kwa msiba, mama. Mita ina jina la nani?"

"La mume wangu."

"Ah. Basi kwa utaratibu wetu, mlalamikaji lazima awe mteja mwenyewe."

Ni muuza nyama aliyesema, "Bosi, unataka afufuke aje apange foleni na sisi?"

"Nyinyi subirini zamu yenu." Msimamizi aliweka kikombe chini. "Mama, tuelewane. Fidia umeshatumiwa kama wateja wote. Na tusitie chumvi. Marehemu, kwa ninavyoelewa, alikuwa mgonjwa."

"Alikuwa mgonjwa siku zote," Mama Pasi alisema. "Hakufa siku zote. Alikufa siku mliyomwambia angoje."

"Hitilafu ilikuwa nje ya uwezo wetu."

"Hitilafu siiulizi. Vitu vinaharibika, mume wangu alikuwa fundi, alijua hilo. Nauliza hii nusu saa. Mngeandika hamjui, ningembeba pale pale, gari la jirani lilikuwa mlangoni na barabara bado inapitika. Andikeni basi sasa. Andikeni kwenye karatasi kwamba mlisema nusu saa na hamkuwa mnajua. Nitaondoka na sitarudi."

"Kitu kama hicho siwezi kuandika."

"Kwa nini?"

"Nikikuandikia wewe, kesho watakuja wote."

"Si ndio hawa wameshakuja," alisema muuza nyama.

Mama Pasi aligeuka. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Harusini kwake alijibu kwa sauti ndogo mpaka akaambiwa arudie. Aliinua simu, akasoma ujumbe ule neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Akasoma wa pili. Akasoma wa tatu. Wa nne, uliomkuta mumewe akiwa tayari ameshapoa mapajani mwake, aliusoma taratibu zaidi.

Muuza nyama alikuwa ameshatoa yake. "Nusu saa," alisoma. "Nikawaambia wateja wangoje, nikafunga friji nisiache ubaridi utoke. Barafu ilikuwa inauzwa upande wa pili wa barabara, jamani. Upande wa pili tu wa barabara."

Mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni akasoma yake. Mzee mwenye fimbo alimpa mwenzake simu amsomee. Maneno yalikuwa yale yale, yakipita mdomo hadi mdomo kwa sauti mbalimbali, na kadiri yalivyorudiwa ndivyo yalivyozidi kusikika kama tusi. Msichana wa dirishani alikuwa ameinamisha kichwa. Msimamizi alimnong'oneza kitu. Msichana hakufanya haraka, lakini mwishowe aliinuka na kubandika karatasi kwenye kioo: *Mfumo haupatikani kwa sasa.*

"Utarudi saa ngapi?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

Pazia lilishushwa. Nyuma yake taa zilikuwa zinawaka.

Watu walikaa kwenye ngazi kwa muda, wakagombana na mlinzi, wakachoka, wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kwa sababu kila mmoja alikuwa na duka, mtoto au kibarua kilichomngoja. Muuza nyama alimsindikiza Mama Pasi hadi kona. Alimpa mkono wake mnene, akaenda zake.

Nyumbani mita ilikuwa imenyamaza, uniti zimekwisha kabisa. Mama Pasi alisimama mbele yake akaingiza namba ya fidia, tarakimu moja baada ya nyingine. Mita ikakubali.

"Afadhali," wifi alisema. "Malizia yale mashati, kesho wanayataka."

Mama Pasi alilipita kapu. Aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda kilichotandikwa, akaichomeka mashine ya oksijeni. Akabonyeza. Ikalia kidogo, ikatetemeka, halafu ule muungurumo ukaanza, muungurumo aliokuwa amelala nao miaka yote ile mpaka akawa hawezi kupata usingizi bila huo. Alichukua mrija, akaulaza juu ya mto. Kisha akazima taa ya sebuleni na ya jikoni, akachomoa redio na chaja ya simu.

Wifi alisimama mlangoni. "Unafanya nini, wifi yangu?"

Alitazama mto, akautazama mrija uliokuwa ukipuliza hewa safi juu ya foronya tupu, akafunika mdomo kwa kanga. Baada ya muda aliingia akaketi sakafuni karibu na mwenzake.

Jua lilikuwa limeshazama mwenye mashine alipobisha. Alikuwa mtu wa haraka, funguo za gari mkononi. Alifika hadi mlango wa chumba na kusimama kwenye giza, akisikiliza.

"Mama, mbona inafanya kazi? Kuna mgonjwa mwingine humu?"

"Hapana."

"Sasa inampulizia nani?"

"Hiyo ni fidia yake," Mama Pasi alisema. "Wamemletea leo. Mwache aimalize."

Mwenye mashine alivua viatu, akaegemea ukuta. Sebuleni mita ilikuwa imeanza kulia, na kwenye kapu mashati ya samawati yalikuwa yamelala na makunyanzi yake, yakingoja kesho waje kuyachukua hivyo hivyo.