Wakilala Watoto

"Fumba macho," Jytte alisema kwa mara ya tano, mguu wake ukisukuma gurudumu la kigari cha mtoto mbele na nyuma, mbele na nyuma.

Karla akayafumba. Alikuwa na miaka miwili na miezi kumi, na kope zilimtetemeka kwa kujilazimisha. Kulia kwake alilala Villads, kushoto Ebbe, wote wa mwaka na ushei, wamefungwa mikanda ndani ya vigari vyao, mifarishi hadi kidevuni, pua nyekundu kwa baridi ya Novemba. Mvua ilipiga paa la banda. Sisi watu wa Jutland magharibi, huku Denmark, huwalaza watoto nje mwaka mzima, na tuna amri moja tunayoiheshimu kuliko zile kumi za kanisani: mtoto aliyelala haamshwi, hata kama mtu wa posta ameleta barua ya malkia.

Jytte alikuwa amelea watoto wa watu nyumbani kwake kwa miaka ishirini na sita, akilipwa na manispaa. Hakuna aliyehitaji kumfundisha dalili za mtoto anayeacha usingizi wa mchana. Anajigeuza saa nzima. Anaimba. Jioni kwao yuko macho hadi saa nne, mama yake amechoka taabani. Kwa watoto wa miaka ya nyuma Jytte alishasema mwenyewe, "Basi huyu amekua, mwacheni," akawapa penseli na karatasi wakae naye jikoni wenzao wakilala. Lakini kwa huyu Karla alishindwa kusema hivyo, na sababu ilikuwa imeketi jikoni, ikimsubiri.

Verner, mumewe, alikata nguruwe machinjioni miaka thelathini mpaka bega likamharibikia. Walimrudisha nyumbani na visu vyake vitatu, shada la maua, na hasira isiyokuwa na pa kwenda. Watoto walimpenda. Aliwamenyea tufaha kwa mkono ule mzima, ganda likatoka refu kama utepe, nao wakacheka. Hakuwahi kuinua mkono mbele yao, na jambo hilo alilionea fahari, kama mtu mwingine anavyoona fahari kwamba hanywi kabla ya magharibi. Aliwangoja walale. Baada ya hapo alifunga mlango wa jikoni.

Karla alipoanza kuukataa usingizi, Jytte alijaribu siku moja kumweka jikoni na penseli zake. Verner aliketi saa mbili bila neno. Mikono yake ilikuwa juu ya meza, ikifumba na kufumbua, na macho yake yalimtazama mtoto kama yalivyokuwa yakimtazama nguruwe aliyekuja vibaya kwenye mnyororo wa machinjio. Jytte aliyaona macho hayo. Kesho yake alimrudisha Karla kigarini, akamfunga mikanda, na tangu siku hiyo aliyapokea mapigo ya mumewe akijiambia kwamba angalau mtoto hayajui.

Sasa alizihesabu pumzi za Karla, akaridhika, akaingia ndani.

Kisanduku cha kusikilizia watoto kilikuwa juu ya meza, karibu na mkate mweusi na maini ya kusaga. Cha pili, mwenzake, kilikuwa kimening'inia kwenye kigari cha Karla, kile cha katikati. Wiki tatu zilizopita, mara mbili, Verner alikuwa amekwisha kuinua mkono ndipo sauti ya Karla ikatoka kwenye kisanduku, ikiimba wimbo wa bata, na mkono ukashuka. Mara ya tatu alikinyakua kisanduku chenyewe, akampiga nacho Jytte juu ya jicho, kikaangukia ukingo wa jiko na kupasuka ganda. Jytte alikizungushia selotepu pana ya kahawia mara tatu, akaikaza. Taa ya kijani ikawaka kama kawaida. Kwa wazazi walioliuliza jicho alisema ni mlango wa kabati. Kabati la Jytte lilikuwa na hasira kuliko makabati yote ya parokia, na sisi tulioliona jicho lake kanisani tuliuliza tu kama mvua itaendelea.

Tangu selotepu ile, kisanduku kilikuwa kimya. Hakuna wimbo, hakuna bata. "Umeona?" Verner alisema. "Kumbe analala." Jytte akaandika hivyohivyo kwenye daftari la wazazi kila siku: Karla kalala saa sita hadi saa nane.

Siku hiyo ya Jumatano kosa lilikuwa kikombe. Alikiweka mezani kwa kishindo, au Verner alisema amekiweka kwa kishindo.

"Unanigongea vyombo, mama?"

"Kimeteleza."

Alimpiga mbavuni kwanza, kwa ngumi fupi ya mtu aliyejifunza kazi mahali pembamba. Jytte alishika ukingo wa sinki. Pigo la pili lilimkuta mgongoni, la tatu palepale pa kwanza, na kitu ndani yake kikalia kama kijiti kinachovunjwa gotini. Verner alimshika nywele, akamgeuza, akamsukuma uso kwenye mlango wa jokofu, picha za watoto zikaanguka sakafuni na sumaku zake. Alipiga bila kupiga kelele. Wote wawili walikuwa stadi wa kimya. Machozi yalipomtoka na sauti ikataka kufuata, Verner aliinama sikioni mwake akamwambia taratibu, karibu kwa huruma, kama alivyomwambia kila mara:

"Usilie, mama. Wataamka."

Halafu aliokota picha, akazirudisha moja moja mahali pake.

Saa nane Jytte aliwatoa watoto vigarini. Kuinua Ebbe kulimfanya aone nyota. Aliwakatia peasi, akawaketisha sakafuni sebuleni, na Verner akaenda kulala kidogo kwenye kiti chake jikoni, karibu na redio.

Karla hakula peasi lake. Alimchukua mwanasesere, akamlaza kifudifudi juu ya mto. Alimpiga mgongoni kwa ngumi yake ndogo, mara tatu, bila kelele. Kisha akainama, midomo kwenye sikio la kitambaa.

"Usilie, mama," alinong'ona. "Wataamka."

 Jytte aliketi sakafuni, akamwuliza mtoto ameyasikia wapi maneno hayo. Karla alimtazama kama mtu anayeulizwa mvua inatoka wapi.

"Kwenye sanduku," alisema. "Mimi silali. Nafumba macho tu, ili uende."

Jytte alitoka hadi bandani, kichwa wazi, mvua ikimwingia shingoni. Vigari vilikuwa vitupu. Kutoka kile cha katikati ilitoka sauti, na alipoinama chini ya paa la kigari aliisikia vizuri: redio ya jikoni kwake, habari za bei ya nguruwe, na juu yake Verner akikoroma.

Ilimchukua muda kuelewa, kwa sababu hakutaka. Kisanduku cha jikoni kilikuwa na kitufe ubavuni. Ukikiachia, unawasikia watoto. Ukikibonyeza, wao wanakusikia wewe, ukitaka kuwabembeleza bila kutoka kwenye mvua. Selotepu yake, aliyoikaza huku damu ikimwingia jichoni, ilikuwa imepita juu ya kitufe na kukibana. Wiki tatu. Siku kumi na tano za kazi, mtoto amefungwa mikanda gizani chini ya paa la kigari, macho wazi, akisikiliza. Kimya alichokidhani usingizi hakikuwa usingizi hata kidogo. Aliyapokea yote yale ili Karla asijue, na ni yeye aliyempelekea kila pigo hadi sikioni.

Jytte alirudi ndani kuwabadilisha watoto nepi.

Dorthe, mama yake Karla, alifika saa tisa unusu akiwa bado na sare ya duka la mikate. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye haraka, asiyependa maneno mengi, yaani mwenzetu. Alimfungia Karla viatu huku akilalamika kwa upole: jana tena hadi saa nne na nusu, na siku hizi mtoto anaamka analia. "Jytte, labda tumwachishe tu huo usingizi. Wewe unasemaje?"

Verner alikuwa mlangoni, tufaha mkononi, akimtabasamia Karla. Karla alijificha nyuma ya mguu wa mama yake.

Jytte alifungua mdomo. Neno lilikuwapo, amelibeba miaka kumi na moja, tangu Verner arudishwe nyumbani, na bado halikutoka. Kwetu mtu anaweza kufa na jambo lake mdomoni, na mazishini tukasema hakuwa mtu wa kulalamika. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hata hilo tunalisema juu ya watu wa mbali. Alichofanya ni kuwasindikiza hadi kwenye baiskeli, ambako mvua ilifunika sauti.

"Kesho usimlete," alisema. "Njoo wewe. Saa sita na robo. Usipite mbele, pitia bandani, ukae karibu na kigari chake."

"Nikae nifanye nini?"

"Usikie namna anavyolala hapa kwangu."

Dorthe alicheka kidogo, kisha akaacha. Aliutazama uso wa Jytte, shavu lililovimba upande uliogonga jokofu. Hakuuliza habari za kabati. Alimkaza Karla kofia, akapanda baiskeli, akaenda.

Usiku huo Jytte hakukigusa kisanduku cha jikoni. Alikiwekea tu kile cha kigarini betri mpya.

Alhamisi mvua ilikuwa imekatika na kubaki upepo. Saa sita aliwalaza Villads na Ebbe, akaviweka vigari vyao pande zote mbili za kile kitupu. Villads alishika kidole chake mpaka usingizi ulipomlegeza. Jytte aliwatazama wote wawili kwa muda mrefu kuliko kawaida. Hakuwa na hakika kama Dorthe atakuja. Mkate hauna subira, na tajiri wa duka lile hana pia.

Aliingia jikoni, akaketi badala ya kusimama penye sinki. Verner alifunga mlango.

"Yule wa Dorthe yuko wapi?"

"Hatakuja. Ameacha kulala mchana."

"Nani kasema ameacha?"

"Mimi."

Alimpiga kofi lililomtoa kwenye kiti. Mbavu za jana zikapokea sakafu, na pumzi ikamkimbia. Kwa miaka kumi na moja, hapo ndipo alipokuwa akiuma mdomo. Alisubiri pumzi irudi. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, ile aliyoitumia kuwasomea watoto:

"Umenipiga usoni, Verner."

Verner alisimama. Hakuwahi kusikia jambo hilo likisemwa ndani ya nyumba hii. Lilimshtua kuliko ukelele.

"Unasema na nani?"

"Jana ulinipiga mbavuni, nadhani umevunja moja. Jumatatu ulinichoma mkono kwa birika."

Akampiga teke. Akampiga jingine. Jytte aliendelea kusema, sentensi zikikatika kila kiatu kilipofika, akitaja siku, akitaja mahali, mwezi wa Agosti, Krismasi, kidole kile ambacho hakikunyooka tena. Verner alimwinamia na kumshika koo, si kwa nguvu bado. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na jicho lake lilikuwa likikitazama kidroo chenye vile visu vyake vitatu. Ndipo akasema, kwa ile sauti ya huruma:

"Nyamaza, mama. Wataamka."

Juu ya meza, taa ya kijani iliwaka ndani ya selotepu.

Mtoto akalia nje. Hakulia kwenye kisanduku. Alilia kupitia ukutani. Ni Villads, Jytte alimjua, na ni kilio cha mtoto aliyetolewa katikati ya usingizi mzito. Mkono wa Verner ulilegea kooni, kama mkono wa mtu anayesikia kengele ya kazini. Alinyanyuka, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akageukia dirishani akiwa tayari na tabasamu lake la tufaha.

Tabasamu halikufika.

Dorthe alikuwa bandani na aproni yake ya mikate, unga bado mikononi. Kisanduku cha kigarini alikuwa amekitia kwenye mfuko wa aproni, na simu ameibana kati ya sikio na bega. Alikuwa akisema nayo taratibu, akitaja jina la barabara na namba ya nyumba. Alimfungua Villads mikanda, akamtwaa kifuani, miguu yenye soksi ikining'inia, analia. Kisha akakiendea kigari cha kushoto. Ebbe alikuwa amelala fofofo, kinywa wazi. Dorthe alimfunua mfarishi, akamwekea kiganja cha baridi shavuni, kama alivyomfanyia Villads, akamtikisa, akamtikisa tena, macho yake hayatoki dirishani, mpaka mtoto naye akafumbua macho na kuanza kulia.