Taa ya Njano

Bolti ya tatu ilikatika kichwa. Odile Charbonneau alikitupa kwenye theluji chafu, akaendelea kulala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, chini ya gari lake, uani kwake mjini Sudbury. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi wa tatu, na vidole vilishaanza kufa ganzi.

Gari lilikuwa limekalia matako tangu Jumapili. Lilikuwa la kubebea watu wa viti vya magurudumu, na nyuma halikuwa na springi, bali mifuko miwili ya mpira inayojazwa hewa na kompresa. Kompresa ilikuwa imenyamaza. Mkaguzi wa manispaa angekuja kulikagua saa tano. Saa saba abiria wake, mzee Eino Lahti, alitakiwa awe hospitalini kusafishwa damu, kama kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi.

Jana yake alikuwa amelipigia simu duka la kampuni iliyotengeneza gari.

"Hatuuzi vipande, mama. Tunauza nzima. Inafika baada ya wiki tatu."

"Nataka pistoni na ringi yake tu."

"Nzima, mama."

Kwa hiyo aliichomoa kompresa, akaiweka juu ya gazeti kwenye meza ya jikoni. Miaka kumi na tisa alikuwa fundi wa mitambo mgodini, kutu haikumtisha. Alipofungua kifuniko cha silinda aliona kama alivyoshuku: maji ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji yalipenya kwenye bomba la kuvuta hewa, na pistoni ikagandana na silinda, pande zote zimeota unga mweupe. Chembe za kukaushia hewa zilizomo ndani zilikuwa zimegeuka uji.

Akamimina mafuta ya kulegeza kutu, akaipasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele, akaweka kipande cha mti juu ya pistoni na kugonga kwa nyundo, polepole. Haikutikisika. Akapasha tena, akagonga tena. Baada ya nusu saa ikasogea kidogo, kama jino linalotaka kung'oka. Alisugua silinda kwa msasa laini, akaosha kila kitu, na badala ya ule uji akajaza chembe za kufyonza unyevu zinazouzwa kwa ajili ya choo cha paka. Alipounganisha nyaya na betri, kompresa ikanguruma. Akaziba tundu kwa kidole gumba. Hewa ikakisukuma kando. Odile akacheka peke yake.

Akaifunga tena chini ya gari, na saa tano kasorobo gari liliinuka, likasimama sawasawa. Lakini kwenye dashibodi taa ya njano ya onyo iligoma kuzima. Alichomoa betri, akairudisha. Ikawaka vilevile. Kompyuta ya gari ilikuwa bado inakumbuka ule ubovu, na mashine ya kuifanya isahau ilikuwa kwa kampuni peke yake.

Mkaguzi, Trevor Pickard, kijana mwenye koti jipya, alizunguka gari mara moja, akachungulia ndani.

"Taa inawaka."

"Kompresa nimeitengeneza. Lipime. Panda wewe mwenyewe, ruka ruka humo nyuma."

"Mama, fomu haiulizi limesimamaje. Inauliza taa."

"Basi niandikie hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Kampuni wana nafasi ya kuizima baada ya siku tisa."

"Fomu haina kisanduku cha hiyo."

"Na mzee wangu wa saa saba?"

"Apige simu ofisini. Basi la manispaa lina nafasi Ijumaa."

"Damu yake isubiri Ijumaa?"

Trevor alitoa kiwembe. Alibandua stika ya kibali cha kubeba abiria kwenye kioo, taratibu, asiache gundi.

Saa sita na nusu Odile alisimamisha gari mlangoni kwa Eino, akashusha ubao wa kupandishia kiti.

"Umechelewa," mzee alisema. "Nilidhani umeolewa."

"Sina kibali, Eino. Wamekichukua. Tukikamatwa, sitajua la kusema."

"Gari linatembea?"

"Linatembea."

"Sasa tunangoja nini hapa kwenye baridi?"

Hospitalini mlinzi aliwainulia mkono kabla hawajafika kwenye mlango wenye paa. Bila stika hakuna kusimama pale, hata dakika moja. Waende uwanja wa kuegesha magari wa nyuma.

Uwanja wa nyuma ulikuwa mbali, na theluji yake imeyeyuka nusu, tope la chumvi tupu. Odile alisukuma kiti kwa tumbo na mikono. Magurudumu ya mbele yakazama. Akageuza kiti, akakivuta kinyumenyume, Eino akitazama walikotoka.

"Mlangoni hakuna hata gari moja," Eino alisema, akigeuza shingo. "Peupe kabisa."

"Nyanyua miguu."

Akavuta. Walipofika kwenye lami kavu alisimama, akashika magoti, akihema.

"Alhamisi?" Eino aliuliza, safari hii bila utani.

"Saa sita kamili," Odile alisema. "Vaa viatu vya mvua."