Mkono wa Sadoki Ndani ya Trekta

Jumatatu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mibuni, Yonasi alijilaza chali chini ya trekta kuukuu la Bwana Haraka akafungua boliti za bamba la nyuma. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi na nzito. Aliikinga kwa debe, akajifuta mikono kwa gunia, kisha akaishika shafti inayochomoza nyuma ya trekta, ile inayozungusha mashine ya kusaga mahindi, akaivuta. Haikutoka. Akaweka mguu kwenye gurudumu akavuta tena kwa nguvu zote. Huko ndani kitu kiliivuta nacho, bila ugomvi, kikairudisha mahali pake.

Yonasi hakushtuka. Alijua nani ameishika.

Kaka yake Sadoki ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ile. Mwanzoni shafti ilikuwa na kifuniko cha chuma, ili isidake nguo ya mtu. Bwana Haraka, mwenye shamba, aliyepewa jina hilo na vibarua kwa sababu kila kitu alikitaka jana, aliona kifuniko kinachelewesha kazi ya kupaka grisi akaamuru kiondolewe. Mkewe alikifanya mlango wa banda la kuku. Msimu uleule shafti ilidaka mkono wa shati la Sadoki, ikamvuta, ikapinda, ikasimama. Bwana Haraka alisema marehemu alikuwa amelewa, na neno lake likawa ndilo hilo. Sadoki alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisani, mtu ambaye hata togwa ikilala usiku mmoja tu alikuwa haigusi. Waliosikia walitazama chini.

Tangu hapo, kila siku kazi ikiisha na moshi wa mapishi ukianza kupanda kambini, Sadoki alikuja akakaa kwenye kiti cha trekta. Mkono wake wa kulia haukuonekana, kwa kuwa ulikuwa ndani ya trekta, umeshika shafti. Wapita njia walimsalimu, naye aliwapungia kwa wa kushoto na kuomba radhi, maana si adabu kumsalimu mtu kwa mkono huo. Bwana Haraka alimwona pia. Lakini yeye hakuwa na mazoea ya kuwatazama wafanyakazi usoni, akadhani ni mlinzi.

Haya yote yalitokea Yonasi akiwa migodini Kopabelti, ng'ambo ya mpaka. Habari zilimkuta kaka yake ameshazikwa na udongo umeshaota majani. Alirudi kupitia Tunduma na mkewe Elina, binti yao Marita, na sanduku la spana, akaajiriwa kwa sababu ya zile spana. Jioni ya kwanza alipita mbele ya trekta akasema, "Shikamoo, kaka," akaitikiwa, akaenda zake. Alikuwa na maneno mengi ya kusema, lakini aliona aibu. Jioni zilizofuata akasalimu vilevile na kupita vilevile.

Sasa shafti mpya ilikuwa imeletwa na lori kutoka Mbeya, imefungwa kwa karatasi yenye mafuta. Bwana Haraka alitaka mashine isage kabla ya mahindi mapya kuingia ghalani.

"Jumamosi iwe imetoka," alimwambia Yonasi. "Haijatoka, unahama nyumba."

"Na kifuniko, Bwana? Nani atasimama nyuma yake bila kifuniko?"

"Wewe. Wewe hulewi."

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha matofali kambini, na Elina alikuwa na mimba iliyokwisha kushuka. Yonasi aliogopa shafti isitoke, mkewe akajifungulia njiani. Aliogopa pia itoke, kwa sababu mtu wa kusimama nyuma ya ile mpya alikuwa yeye. Kwa hofu hizo mbili aliendelea kuvuta.

Alimimina mafuta ya taa kwenye kutu, akayaacha yalale. Asubuhi akagonga kwa nyundo huku ameweka kipande cha gogo katikati, asije akaharibu meno ya shafti. Kila alipogonga, ndani ya trekta mtu aliguna kama anayeamshwa. Siku iliyofuata alileta mkaa na mivukuto, akalipasha moto lile bamba mpaka likawa jekundu, chuma kipanuke kiachie. Jioni ile Sadoki alikuja na jasho usoni, akafungua vifungo vya shati lake kwa mkono wa kushoto. Baadaye Yonasi akafunga mnyororo kwenye shafti akaleta ng'ombe wa kukokota magogo. Ng'ombe walivuta vizuri. Walilikokota trekta zima, na breki zake zikiwa zimefungwa, hadi karibu na ghala, ikabidi wazungushwe walirudishe lilipotoka. Shafti haikusogea hata upana wa ukucha.

Ijumaa jioni Elina alikuja karakanani na bakuli mbili za ugali na majani ya maboga. Moja alimpa mumewe. Nyingine aliiweka kwenye kiti cha trekta, mbele ya shemeji yake, kama alivyofanya kila jioni. Sadoki alikula akashiba, na ugali ukabaki uleule, ila haukuwa na ladha tena. Kuku wenyewe waliukataa.

"Shemeji, leo umepunguza chumvi," Sadoki alisema.

"Chumvi unaijua wewe? Maliza, usinichagulie."

"Nakula, nakula. Huyu mume wako je, hapumziki? Kutwa nzima ananigongagonga."

Elina alicheka akishika tumbo. Kisha akamgeukia Yonasi, aliyekuwa amechuchumaa chini akifunga mnyororo upya, na kicheko kikaisha.

"Baba Marita, hebu niambie. Hicho chuma kimeshikwa na nani?"

"Si unamwona?"

"Namwona. Ni kaka yako mkubwa. Sasa kwenu, mtu akipokea kitu mkononi mwa kaka yake, anafunga ng'ombe?"

Yonasi akaacha mnyororo.

"Wiki nzima nakutazama," Elina akaendelea. "Sijaona ukipokea. Naona unanyang'anya tu. Huko Kopabelti ndiko mlikofundishwa hivyo?"

Alisema kweli, na Yonasi akasikia uso ukimwaka. Tangu utotoni alikuwa akijua namna ya kupokea. Jembe, kikombe cha maji, hata hindi la kuchoma, cha mkubwa kinapokewa mtu akiwa amechuchumaa, baada ya kupiga makofi ya polepole kwa viganja vilivyokunjwa, kisha mikono miwili inatangulizwa na mtu anangoja apewe. Migodini kitu kilivutwa, kikikataa kinapigwa, nacho kikatoka. Miaka ikapita hivyo, na mikono yake ikasahau.

Akaweka spana chini. Akazunguka nyuma ya trekta, akachuchumaa, akapiga makofi.

"Kaka," alisema, "mimi nilikuwa mbali. Sikukuzika. Nimerudi na nikawa napita hapa kila siku kama napita kwa jirani. Naumia sana, kaka."

"Nilikuwa naona," Sadoki akajibu. "Nikasema huyu ataongea akichoka."

"Nimechoka."

"Na ukiingiza mpya, nani atasimama nyuma?"

"Mimi."

"Kifuniko?"

"Kipo bandani, kwa kuku."

Sadoki alimtazama Elina, akalitazama tumbo lake, akavuta pumzi ambayo hakuwa akiihitaji.

"Haya. Pokea."

Yonasi akatanguliza mikono miwili. Shafti ikatoka polepole, bila kelele, ikalala viganjani mwake. Ilikuwa imepinda katikati, na kwenye meno yake kulikuwa na nyuzi za kaki za shati. Yonasi akalia, hakujificha. Elina naye akalia, akijifuta kwa ncha ya kitenge.

"Sasa hiyo mpya," Sadoki alisema. "Usiipige nyundo. Nipe."

Yonasi akaifungua ile karatasi, akaipaka shafti grisi, akaishika kwa mikono miwili akaielekeza kwenye tundu. Mtu wa ndani aliipokea. Iliingia yenyewe mpaka mwisho, ikalia kidogo ilipokaa. Kazi iliyokuwa imebaki ilikuwa kufunga boliti.

Jumamosi mashine ilisaga. Elina alijifungua mtoto wa kiume wiki ile iliyofuata, mlemle chumbani, mvua ikipiga bati, na wakamwita Sadoki. Mjomba wa mtu fulani aliuliza kama inafaa kumpa mtoto jina la mtu ambaye bado anaonekana kila jioni. Sadoki mwenyewe akasema yeye hana neno.

Yonasi alisimama nyuma ya shafti kila siku ya kusaga, na watu walizoea tabia mpya ya trekta. Upepo ukipeperusha nguo ya mtu kuelekea pale, au mama akiinama na kitenge kilicholegea, injini ilizima. Nguo ikisharudi mahali pake, unazungusha hendeli, linawaka. Bwana Haraka alisema mafuta ni mabaya. Alibadilisha mafuta, akabadilisha plagi, akaandika malalamiko kwa waliomuuzia. Kuhusu kifuniko hakubadilisha kitu, na kila alipomweka kibarua mpya alimwambia awe mwangalifu, kwa maana pale aliwahi kufa mlevi mmoja. Aliyasema hayo mbele ya Yonasi. Yonasi aliuma meno, akakumbuka chumba na watoto wawili, akaendelea kumimina mahindi.

Siku moja ya upepo Bwana Haraka alikuja mwenyewe, amevaa koti lake refu la mvua bila kufunga vifungo. Alikuwa amekasirika kwa sababu kazi inachelewa. Akapita nyuma ya trekta mbiombio akipiga kelele, akainama kutazama mkanda wa mashine, na pindo la koti likainuka likaelekea kwenye shafti. Kina mama waliokuwa kwenye foleni waliliona wote kwa pamoja. Ndoo na vikapu vilibaki vichwani. Yonasi hakusema kitu, na baadaye alijiuliza sana ni kwa nini hakusema.

Injini ikazima. Shafti ikasimama, koti likagusa chuma kilichotulia, likaanguka.

Bwana Haraka akainuka, akalipiga trekta teke, akayatukana mafuta, akaondoka. Hakujua kitu.

Yonasi akasogea karibu na bamba la nyuma, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka. Hata huyu?"

Ilikuwa mchana, na kiti cha trekta kilikuwa kitupu. Sauti ilitoka ndani, ikiwa na uchovu kidogo, kama ya mtu aliyebeba kitu kizito siku nyingi.

"Koti ni koti, mdogo wangu. Washa mashine, kina mama wanasubiri unga."

Yonasi akazungusha hendeli, na trekta likawaka mara moja.