Usikate Kabla Sijaja

Mlinzi aligonga kioo cha maabara, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwishashindwa hoja, "Kuna mama hapa. Anasema amekuja kuona ngozi yake."

Msichana aliyekuwa ndani alifunga kabati la joto, akavua glavu. Wenzake walimwita Mlezi, maana kazi yake ilikuwa kulea seli za ngozi: kuzilisha, kuzibadilishia maji, kuzilinda zisiingiwe na vijidudu. Hospitali ya jirani iliwaletea vipande ambavyo wagonjwa wa upasuaji walikubali visitupwe. Kutokana na hivyo Mlezi aliotesha vipande vya ngozi mpya, vidogo kama vifungo vya shati, ili dawa ya majeraha ya moto ijaribiwe humo kabla mtu yeyote hajapakwa.

Mgeni alikuwa mshonaji, futi bado inaning'inia shingoni. Alikuwa amepungua unene mpaka ngozi ya tumbo ikabaki imelegea, na madaktari wakaikata.

"Niliwapa mwenyewe, sikatai," alisema kabla hajakaa. "Nilidhani mtaifanyia mambo yenu siku ileile, yaishe. Sasa wifi yangu, yule nesi, ananiambia eti mpaka leo iko hai. Inakula."

"Ni kweli, mama. Inakula."

"Inakula, na mimi mwenyewe nimekatazwa!" Wakacheka wote wawili. Kisha mama akaweka mkono tumboni. "Mwanangu, tangu nisikie hivyo silali. Kovu likiniwasha tu, najiambia, tayari, wameichoma huko."

Mlezi alimweleza kwamba ngozi ikishatoka haina tena mshipa wa kuupelekea mwili habari. Akamwambia pia kuwa akitaka kazi isimamishwe, itasimamishwa.

"Sitaki msimamishe. Nataka kuona. Mimi kitambaa cha mtu sikati mpaka mwenyewe awe amesimama pale. Basi na wewe usikate kabla sijaja."

"Sikati, mama. Nitakupigia."

Neno lilimtoka kirahisi, kama mtu anavyosema "karibu."

Mara mbili kabla ya hapo ngozi za Mlezi ziliharibika. Safari hii zilikubali. Seli ziliishi kwanza zikiwa zimezama; ziliposhikana, akapunguza maji zilowe chini tu, juu zipigwe na hewa. Hewa ndiyo inayozikumbusha kuwa ni ngozi. Lakini zikikaa hewani kupita kiasi hukomaa juu, dawa haipenyi, na majibu hayafai kitu. Siku ya kukata haimngoji mtu.

Siku hiyo ilipofika, Mlezi alipiga simu asubuhi na mapema. Haikupokelewa. Akapiga tena na tena. Daktari, mkuu wa maabara, alikuja kuchungulia kwenye hadubini.

"Safi. Hii sasa ndiyo ngozi. Kata, mashine ya kupimia inatungoja."

"Namngoja mwenyewe, Daktari."

"Mwenyewe nani? Ngozi nayo ina mama?"

"Hii ina mama. Nilimwambia sikati kabla hajaja."

Daktari alivuta kiti akakaa. Hakuwa mtu wa kufoka. "Mwenzako wa meza ya pili ngozi zake ziko tayari. Zikipimwa leo za kwake, ndiye atakayeendelea na dawa hii mpaka mwisho. Wewe utaanza upya, na kipande cha mtu mwingine. Na huyo mama hatajua kama ulikata kabla hajaja."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililomkaa Mlezi rohoni.

Mchana simu ikapokelewa. Nyuma ya sauti ya mama cherehani ilikuwa ikilia. "Nisamehe mwanangu, simu ilifukiwa na vitambaa. Nina bibi harusi hapa, nimembandika pini mwili mzima, siwezi kumwacha. Ndiyo leo, eh? Nilijua. Tumbo limeniwasha tangu niamke. Umeshakata?"

Mlezi alitaka kumweleza yote, mashine na meza ya pili. Alijua mama angesema kata tu, kisha angekaa miezi akijikuna.

"Sijakata."

"Basi kesho asubuhi niko hapo."

"Njoo, mama. Nakungoja."

Akaenda kumwambia Daktari apime za meza ya pili. Daktari akachukua sahani za meza ya pili. "Haya. Wewe ndiye uliyezilea."

Asubuhi mama alivishwa koti jeupe na barakoa, akasimama mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa kushika vitu dukani. Mlezi akatoa sahani.

"Ndiyo hii? Mbona haina rangi yangu?"

"Seli za rangi hatukuziotesha."

"Kumbe ni kitambaa kabla hakijatiwa rangi." Akainama karibu zaidi. "Bado inafaa?"

"Kwa kupima dawa imekomaa mno. Kwa kuangalia imejijenga vipi, inafaa."

Mama akamgeukia. "Jana ilifaa."

Mlezi alikuwa akikitoa kisu kwenye karatasi yake. "Tayari, mama?"

Mama akaweka kiganja juu ya kovu, akafumba macho. "Kata."

Kisu kikapita. Mama alisubiri, amebana pumzi, kisha akafumbua jicho moja.

"Bado hujakata?"

"Nimeshakata, mama."