Mashua Iliyosiribwa Udongo Makutupora

Mtu akitaka kufika kwa Dorkasi pale Makutupora, hata awe mgeni kabisa, hapotei. Akimwambia wa bodaboda ampeleke kwa Mama Erica mwenye zabibu, ataulizwa, Mama Erica wa kwenye mashua? Hapo ndipo Dorkasi anaposikia damu inampanda kichwani. Zabibu kazipanda yeye kwa mikono yake, shamba zima mpaka kwenye waya wa jirani. Mashua hakuiomba. Lakini ndiyo iliyompa jina.

Yenyewe ilikuwa imepinduliwa uani, tumbo juu, juu ya magogo, imechukua nafasi yote kuanzia mlango wa jiko hadi kwenye banda la mbuzi. Ukitoka na sufuria la moto lazima uizunguke. Mlingoti wake umelazwa juu ya nguzo mbili na Dorkasi anaanikia nguo, na hicho ndicho kipande pekee cha mashua ile alichowahi kukiona kina faida.

Mumewe Silvano ni Mgogo wa Haneti, kazaliwa mahali ambapo maji mengi aliyoyaona utotoni ni ya lambo la ng'ombe. Ujanani akaenda Tanga kutafuta kazi, akapata ya kuosha mashua kwenye klabu ya watu wanaoshindana kwa matanga. Akatoka kwenye kuosha akaingia kwenye kukwangua, kwenye kukwangua akatoka fundi. Huko ndiko alikokutana na hii. Aliiunda daktari mmoja Mzungu pamoja na fundi wa Kipemba, kabla ya Uhuru, kwa msaji na mvule, wakaipa jina la Shwari. Daktari akashindana nayo mpaka alipozeeka akarudi kwao. Ikaenda kwa mwalimu, mwalimu akaiuza kwa mwenye duka la vioo, wa vioo akafa, watoto wake hawakujua hata tanga linafungwaje. Mwisho ikatupwa nyuma ya vyoo vya klabu, kuku wakawa wanataga ndani. Siku Silvano anaaga kazi, wakawa wanataka kuipasua kuni. Akasema nipeni mimi. Wenzake wakistaafu wanarudi na saa ya ukutani. Mume wa Dorkasi alirudi na mashua.

Ililetwa na lori lililokuwa linakuja kupakia alizeti. Njiani trafiki mmoja akawasimamisha, akalizunguka lori taratibu, kisha akamuuliza dereva kwamba serikali kuhamia Dodoma alishasikia, ila bahari imehamia lini? Silvano anapenda sana kuisimulia hiyo. Dorkasi keshaisikia mpaka akiona mdomo wa mumewe unaanza kucheka anaondoka kwenda kuangalia mbuzi.

Mpango ulikuwa kuitengeneza, halafu kuipeleka bwawa la Hombolo, itembee tena. Na kweli aliifanyia kazi, hilo Dorkasi hawezi kulikataa. Mbavu zilizooza alizitoa akaweka za mninga. Rangi za zamani alizikwangua tabaka kwa tabaka, akikutana na ya bluu anamwita mkewe aje aone rangi ya enzi za yule mwalimu, akikutana na ya kijani anamwita tena. Tatizo likawa upepo wa huku. Mashua ya mbao ikilowa inavimba, mbao zinabanana zenyewe, maji hayaingii. Dodoma hakuna cha kulowa. Mbao zikasinyaa, zikaachiana, mwanzoni ukucha unapita katikati, baadaye kalamu. Ukichungulia kwa chini unaona mistari ya jua.

Basi Silvano akawa anaifunika magunia na kuyamwagia maji. Maji yenyewe ya mgao. Siku yanapotoka Dorkasi anaamka kujaza madumu, akirudi kutoka shambani anakuta madumu matupu, magunia yameshakauka na mumewe amejiinamia kama mtu aliyefiwa. Akisema, anajibiwa bado kidogo. Miaka inaenda, bado kidogo.

Halafu Erica akapiga simu. Binti yao huyo anafanya kazi mjini, ofisi moja ya serikali, na alikuwa na mchumba wake anaitwa Optatus, mtu wa Ukerewe. Akasema Jumamosi wazee wa kina Optatus wanakuja kujitambulisha. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ile kitu itakuwa bado ipo?"

Dorkasi alimjibu haitakuwepo. Akakata simu akaenda kwa mumewe, akamwambia hajawahi kumwomba jambo kubwa tangu amuoe, sasa anaomba. Watu wanatoka mbali, wanakuja kuangalia mtoto wao anaoa kwenye nyumba ya namna gani. Wasikute takataka ya Tanga imeziba mlango wa jiko. Silvano akaahidi. Jumatano akasema lori limepatikana. Alhamisi asubuhi akasema lori lipo ila mashua haiwezi kupanda, maana ikitikiswa njiani ikiwa kavu vile itafika Hombolo imekuwa rundo la mbao. Kwanza ibane. Akapanda pikipiki kwenda mjini kutafuta pamba ya kuzibia.

Dorkasi alikaa kwenye kiti cha jiko, hata kulia hakulia.

Aliyemkuta pale ni mama mkwe wake, Bibi Tereza, aliyekuwa ameshuka kutoka Haneti kwa ajili ya shughuli. Wakaamkiana kwa Kigogo, mbukwenyi, akapewa maji, akaelezwa yote. Bibi akaizunguka mashua akiishika mgongo. Maisha yake yote kaishi kwenye tembe, nyumba ya paa bapa la udongo, na kila kabla ya masika wanawake wanapanda juu kuziba nyufa. Akasema hii nayo ni kama paa tu lenye nyufa.

Hapo Dorkasi akapata akili. Kama haiondoki, basi isionekane mashua. "Mama, tuisiribe," akasema. "Wageni wakija waone ghala."

Bibi hakuuliza mara mbili. Majirani wakaitwa, udongo ukachimbwa kwenye kichuguu, samadi ikaletwa kutoka bandani, wakakanyaga kwa miguu huku wakimsengenya Silvano kwa jina. Mmoja akasema bora mumewe mlevi, chupa haichukui uwanja. Mpaka jua linageuka, mashua yote ilikuwa imesiribwa kuanzia mgongoni hadi chini, laini, nene, imepigwa mkono vizuri. Bibi akaamuru magunia yaloweshwe yafunikwe juu, asubuhi na jioni yanyunyizwe, ili isipasuke kabla ya wageni. Dorkasi akaiangalia. Kwa mara ya kwanza kitu kile kilimpendeza.

Silvano alirudi na kifurushi cha pamba kwapani. Alisimama pale getini muda, pikipiki inaunguruma chini yake. Kisha akaizima, akaenda akashika udongo, akanusa vidole.

"Mama Erica," akasema, "hii ilishawahi kushinda mbio za Mombasa. Leo imepakwa mavi ya mbuzi."

Dorkasi akamwambia Jumapili aibandue hata kwa ulimi akitaka. Silvano akachukua kikwangulio. Lakini mama yake akatoka nje, akamwambia udongo mbichi haubanduliwi, na yeye hakukanyaga tope kwa magoti haya ili mwanawe aje kumharibia. Silvano ni mtu mzima mwenye mvi, ila mbele ya mama yake aliweka kikwangulio chini. Akalala bila kula.

Jumamosi wageni wakaja na Noah mbili. Magunia yalishaondolewa, viti vimepangwa, pilau inanukia, na ghala la Dorkasi limekaa pembeni limetulia kabisa. Erica alipoliona alimshika mama yake mkono akaubana. Msemaji wa wageni alikuwa baba mdogo wa Optatus, mzee Octavian, suti ya kijivu, tumbo la heshima. Akasimama, akaanza vizuri, kwamba wamepita njia wakaona ua zuri kwenye nyumba hii. Akafika kwenye ua, akakatiza. Macho yalikuwa pembeni.

"Samahani wazazi wenzangu," akasema. "Kile ni nini?"

Dorkasi akawahi kujibu kwamba ni ghala la zamani. Ila Bibi Tereza, ambaye hakuona sababu ya kuficha kazi nzuri, akasema ni chombo cha mwanangu cha majini, tumekisiriba wenyewe.

Erica aliinamisha kichwa. Mke wa mzee Octavian, mama mmoja mkavu anaitwa Aneth, alikuwa anaangalia tu, huwezi kujua anawaza nini. Kwisha, Dorkasi akawaza. Mtoto wangu ataachwa kwa sababu ya mbao.

Mzee Octavian akavua koti, akampa kijana aliyekaa jirani, akapiga magoti kwenye vumbi na kuingia chini ya mashua. Miguu tu ndiyo ilibaki nje. Ikasikika sauti yake kwa ndani, inauliza nani kaweka mbavu hizi. Silvano, ambaye tangu asubuhi alikuwa na uso wa msiba, akainuka kitini akaingia naye. Sasa ikawa miguu ya wazee wawili. Waliongea huko. Waligonga mbao. Pilau ikaanza kupoa. Dorkasi alihisi kama anaweza kuchukua jembe akawafukia humo humo.

Ndipo Aneth akamsogelea kwa kiti chake.

"Mwache tu, dada," akasema taratibu. "Baba yake alikuwa anaunda mashua Ukerewe. Mimi kwangu kuna makasia chumbani, chini ya kitanda, na sisi tunakaa Morogoro."

Dorkasi akamwangalia. Wakaanza kucheka wote wawili, cheko la chinichini la watu waliochoka, na Erica akainua kichwa.

Wazee walipotoka, mashati yalikuwa yamekwisha. Mzee Octavian akachomoa ufunguo wa gari, akakwangua udongo kidogo kufuata mstari wa mbao, akamwita kila mtu aje aone. Pale palipokuwa panapita kalamu, hapakupita hata ukucha. Udongo ulikuwa umeshika maji usiku na mchana, mbao zikanywa polepole, zikabanana. Silvano alipitisha kidole pale tena na tena. Alimwangalia mama yake, kisha akamwangalia mkewe, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Baada ya hapo posa ilikwenda haraka, ua likakubaliwa, watu wakala. Dorkasi akajisogeza kwa mumewe akamnong'oneza, si imebana, basi kesho lori lije. Silvano akatikisa kichwa ndiyo. Ikawa raha ya muda mfupi sana, kwa sababu mzee Octavian alisimama kushukuru, akasema wameelewana na mzazi mwenzake kwamba chombo kama hiki hakishushwi majini kihuni. Watakuja wote siku ya mahari, baada ya masika, ukoo mzima kutoka Ukerewe, wakitoka hapa wakishushe Hombolo pamoja. Watu wakapiga makofi. Hata Erica alipiga.

"Ila mzazi mwenzangu," akamgeukia Dorkasi kwa heshima zote, "huo udongo mpaka siku hiyo usije ukakauka."

Dorkasi akayatazama madumu yake ya maji pale mlangoni mwa jiko. Nyuma yake Bibi Tereza alikuwa ameshavua kandambili, anauliza ndoo iko wapi.