Toleo la Sabini na Saba

Fundi alikuwa amejalidi vitabu vya watu kwa miaka thelathini na minane, na hakuna mashine iliyowahi kumtisha. Asubuhi hiyo alitishwa na mwanamke mwenye miwani ya kusomea na rula.

Mwanamke huyo alikuwa muuguzi mstaafu. Kaka yake, aliyefariki mwezi uliopita, alikuwa mkusanyaji wa katuni za zamani za Bawa la Chuma, shujaa arukaye kwa mabawa aliyojiundia mwenyewe. Fundi naye alizikusanya tangu ujana: matoleo yote mia moja na ishirini, isipokuwa moja. Toleo la sabini na sita lilimwacha shujaa amefukiwa mgodini, bawa limevunjika. La sabini na nane lilimkuta angani, buheri wa afya. Alitokaje? Swali hilo lilikuwa limemkaa Fundi kooni nusu ya maisha yake, na jibu lilikuwa ndani ya mkoba wa muuguzi, pale mezani.

"Marehemu aliacha agizo," muuguzi alisema, akikunjua karatasi. "Toleo hili apewe mkusanyaji asiyewahi kujeruhi nakala hata moja. Asiyeandika jina juu yake, asiyebandika gundi, asiyekata. Nilimwahidi nimemshika mkono."

"Kagua, dada," Fundi alisema, akimsogezea nakala zake, kila moja ndani ya bahasha yake.

Mkewe alichungulia kutoka jikoni. "Mkague na mwenyewe. Hizo karatasi zinafunikwa vizuri kuliko mimi."

Muuguzi hakucheka. Alifunua nakala moja moja kama anayebadilisha bandeji. Kumi. Ishirini. Fundi alihesabu moyoni, maana alijua kilichomngoja mbele. Alipokuwa mgeni karakanani aliziweka sita, kuanzia ya thelathini na moja, chini ya mashine ya kukatia karatasi, akazinyoa kingo pande tatu. Ndivyo alivyofundishwa: kitabu kutoka karakanani na kingo zilizochakaa ni aibu ya fundi. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa wakusanyaji, nakala iliyonyolewa imeuawa. Alipokuja kujua, alifunga mdomo.

Muuguzi akaitoa ya thelathini na moja. Akasita. Akaisogeza dirishani. Jikoni, vyombo vikanyamaza.

"Fundi."

"Naam."

Akapitisha kidole gumba ukingoni. "Hii ndiyo safi kuliko zote. Imenyooka kama imetoka kiwandani leo! Kaka angeipenda." Akaweka rula chini, akavua miwani, akatia mkono mkobani. "Sina haja ya kuendelea."

Toleo la sabini na saba likatoka. Jaladani, mkono ulikuwa ukichomoza kwenye kifusi. Fundi hakuwahi kuliona. Ilitosha kukunjua viganja tu. Nani angejua? Marehemu hapimi kwa rula. Lakini kidole gumba cha mkono wa pili wa muuguzi bado kilikuwa kinapapasa jeraha na kulisifia.

"Nilizikata," alisema.

"Nini?"

"Hizo sita. Kwa mashine, mimi mwenyewe. Ndiyo maana zimenyooka. Weka hiyo juu ya ile ya thelathini, uone."

Akaiweka. Ilipungua upana wa ukucha. Pembeni, maneno ya shujaa yalikuwa yamekatwa mkia.

"Wewe mzee!" mkewe alifoka mlangoni. "Ungekufa ukinyamaza?"

"Siwezi kukupa," muuguzi alisema taratibu.

"Najua."

"Niliahidi."

"Najua, dada."

Muuguzi alilikumbatia toleo kifuani. Akatazama saa yake, akamtazama Fundi aliyekuwa anarudisha nakala zake bahashani bila kuinua macho.

"Basi langu linaondoka saa sita," alisema. "Agizo linasema apewe nani. Halisemi asome nani. Nenda kanawe. Kwa sabuni, mpaka viwikoni."

Fundi alirudi ameinua mikono kama aliyeshikwa na askari. Muuguzi akamfuta kidole kwa kidole, akaliweka toleo mbele yake, kisha akaketi karibu kiasi cha kuweza kumpokonya. Mke akavuta kiti nyuma ya bega la mumewe.

"Fungua basi. Unangoja nini?"

"Usinipumulie shingoni," Fundi alisema, akafunua.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa mweusi tititi, isipokuwa jicho moja, wazi.