Sikio la Mzee Ngebe

Watu wazima na akili zao walitokwa machozi kituo cha televisheni kilipotangaza kwamba Mzee Ngebe anarudi. Kwa kipindi kimoja tu, kipindi maalumu, Jumapili alasiri, lakini anarudi! Kama hukukua na Mzee Ngebe, nakupa pole. Alikuwa kikaragosi cha kitambaa na sponji, kichwa kipara, masikio makubwa kupita kiasi, na mdomo ambao haukujua kufungwa. Kila alipobanwa kwa kosa alijitetea kwa uongo, na kabla ya kutoa uongo wowote alikuwa na mazoea ya kujikuna sikio la kulia. Hapo ndipo watoto majumbani walipolipuka kwa pamoja, "Mwongo!", naye Ngebe akaigeukia kamera amenuna, utadhani amewasikia. Hiyo ndiyo iliyokuwa raha yote ya kipindi. Kuna akina mama waliounguza vyungu kwa kusubiri sikio likunwe.

Sasa, yule aliyekuwa anajikunja chini ya meza akimchezesha Mzee Ngebe na kumtolea ile sauti ya kukwaruza alikuwa amelala chumba cha nyuma, nyumbani kwa binti yake wa mwisho, ambaye kila mtu, hata bosi wake, alimwita Kitinda. Kiharusi kilikuwa kimemlemaza mzee upande wote wa kushoto, na sauti nayo kikaondoka nayo. Akili haikuguswa. Alielewa kila neno, ila cha kujibu alibakiwa na "aa" na mkono wa kulia, basi.

Hilo angelivumilia. Kilichommaliza ni daktari mmoja kijana, ambaye siku moja, hana hili wala lile, aliuliza kwa sauti ya kuongea na viziwi, "Na mzee wetu alikuwa anafanya kazi gani?" Kitinda akataja kipindi. Daktari akatabasamu kwa adabu tu. Hakijui. Hajawahi hata kukisikia. Mzee akaugeukia ukuta, na tangu siku hiyo supu akawa anakunywa kwa kubembelezwa, mazoezi ya mguu akagoma kabisa. "Mwili haujashindwa," daktari yuleyule alisema baadaye. "Ni yeye mwenyewe amekata tamaa." Asante sana, daktari, kwa msaada wako.

Kwa hiyo mwongozaji wa kipindi alipobisha hodi, Kitinda alimpokea kama mtu aliyeletewa dawa. Mwongozaji alikuwa mwanamke mwenye haraka zake, funguo za gari mkononi hata akiwa ameketi. Vikaragosi vyote viwili, Ngebe na mwenzake Shangazi Pilika, vilikuwa bado salama kwenye stoo ya kituo. Wa kumchezesha Shangazi yupo. Alitaka baraka za mzee, na ushauri wa nani apewe Ngebe.

"Nipe mimi," Kitinda akasema.

"Umewahi?"

Kitinda alikuwa karani wa mapokezi kwenye kiwanda cha uchapaji, hajawahi kukanyaga studio. Aliinuka, akachomoa soksi kwenye kamba ya nguo, akaivaa mkononi, na Mzee Ngebe akatokea pale pale sebuleni, akimuuliza mgeni kwa ile sauti ya kukwaruza ni nani aliyemfundisha kukaa kwenye viti vya watu bila kuvua kiburi. Mwongozaji alicheka mpaka funguo zikamdondoka.

Hebu niseme alikojifunzia, maana ndiko mambo yalikoharibikia. Baba yake alikuwa na mwiko mmoja: mtoto asimwone Ngebe akiwa hana uhai, amelegea mkononi mwa mtu au kalazwa sandukuni. Hata mtoto wake wa kumzaa. Kwa hiyo studio ilikuwa marufuku, na mazoezi ya nyumbani hayakuwepo. Kitinda alimjua Ngebe kwa njia waliyomjua watoto wengine wote, kwa kukaa mkekani mbele ya televisheni. Tofauti ni kwamba yeye alivaa soksi. Ngebe akiinamisha kichwa, na soksi inainamisha. Ngebe akijikuna, na soksi inajikuna. Baba akirudi kazini humkuta katikati ya shughuli, hucheka palepale mlangoni, kisha huenda zake kuoga. Hakumfundisha, na mtoto hakuomba kufundishwa. Wote wawili walidhani hakuna kilichobaki cha kufundisha.

"Baba," Kitinda alimwambia jioni ile, amepiga magoti kando ya kitanda, "wanamtaka Ngebe. Nchi nzima inamtaka. Nitamchezesha mimi, na wewe utakaa uwasikie watu kwa masikio yako mwenyewe. Utaona kama wamekusahau."

Mzee akageuka kutoka ukutani. "Aa," akasema, na usiku ule alikula sahani nzima, akagonga kijiko kudai nyongeza. Kitinda alilia jikoni kwa furaha, kisha akapiga moyo konde. Mazoezi alifanyia kazini, wakati wa mapumziko, nyuma ya marundo ya karatasi. Kumwonyesha baba alikataa katakata. Alitaka amshtue. Ee, jamani, kujiamini huku!

Siku ya kurekodi mwongozaji alisimamisha kamera mara nyingi. "Kuna kitu," alikuwa anasema, kidole kwenye midomo. "Sijui nini. Hebu rudia." Kitinda anarudia, mgongo unamwaka moto kwa kujikunja chini ya meza. "Sauti ni yenyewe. Maneno ni yenyewe. Lakini..." Wakarudia mpaka mafundi wa taa wakaanza kunung'unika. Mwishowe mwongozaji akapunga mkono. "Labda ni mimi. Nilikuwa mdogo wakati ule, huenda nimesahau." Wakafunga kazi.

Jumapili ikafika. Sebule ya Kitinda ilijaa pomoni. Kaka yake mkubwa alikuja na mkewe na watoto, jirani seremala akaja na benchi lake mwenyewe kwa kuwa viti vilikwisha, na majirani wengine wakabanana mlangoni. Mzee alikuwa amenyolewa ndevu, shati limepigwa pasi, amekalishwa kiti cha mbele kabisa na mto wa kumwegemeza upande ule uliokufa. Kitinda alikaa sakafuni miguuni pake.

Muziki ule wa zamani ulipolia, seremala alipiga ukelele. Kichwa kipara kikachomoza juu ya meza, na sebule nzima ikapiga makofi. Mzee alijivuta mbele kwenye kiti, bila kusaidiwa na mtu.

Shangazi Pilika akaingia na vipande vya mtungi. "Nani kauvunja?" Ngebe akatazama juu. Akatazama chini. Polepole mkono wake ukapanda, ukaanza kulikuna sikio. Kitinda akavuta pumzi, akisubiri sebule ilipuke.

Kimya.

Watu walikuwa wanaangalia televisheni kwa upole tu, wanasubiri. Ngebe akatoa uongo wake, akaigeukia kamera amenuna, ananunia watu ambao hawakusema kitu. Mtoto mmoja akacheka, akanyamaza alipoona yuko peke yake. Punde Ngebe akajikuna tena, akadanganya tena, na tena hakuna aliyepiga kelele. Seremala alijikohoza.

"Lakini mbona anajikuna huku?" kaka mkubwa akauliza. Hakuwa na ubaya wowote. Aliinua mkono akagusa sikio lake la kushoto, halafu la kulia. "Si alikuwa anajikuna huku?"

Kitinda aliitazama mikono yake juu ya magoti. Baba yake, kabla ya kiharusi, alikuwa mtu wa kutumia kushoto, kila mtu katika ukoo anajua hilo. Kichwa cha Ngebe alikivaa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia aliendesha kijiti cha mkono wa Ngebe, huo huo wa kulia. Na yeye? Yeye alikuwa amekaa mkekani miaka yote ile ameelekeana na televisheni kama mtu aliyeelekeana na kioo. Mkono wa kulia wa Ngebe, uliokuwa ukionekana upande wake wa kushoto kwenye skrini, aliufuata kwa mkono wa kushoto, na kichwa akakivaa kulia, kwa sababu ndio mkono wake wa kazi. Kichwa alikiinamisha upande usio wake. Jicho la wizi lilichungulia upande usio wake. Sikio ndiyo usiseme. Alimjua Ngebe mzima mzima, bila kukosea hata nukta, na alimjua kinyume.

Hakuthubutu kugeuka kumtazama baba yake. Kipindi kilipokwisha watu walimpa "hongera" kwa sauti ile ya kutoa rambirambi, wakatawanyika haraka. Seremala alisahau benchi. Wifi yake Kitinda akamrudisha mzee kitandani, na mzee hakupinga, hakusema hata "aa".

Kaka mkubwa alibaki kochini na simu, macho yanamtoka. "Usisome," akasema.

Ukimwambia mtu usisome, unategemea nini? Kitinda akaiwasha simu yake, akafungua maoni ya watazamaji, na watu walikuwa hawana dogo. Huyu si Ngebe. Mmetuletea mgeni aliyevaa nguo za Ngebe. Niliwaita wanangu waje wamwone rafiki yangu wa utotoni, nimeishia kuwaomba radhi. Sauti kama ya mtu aliyebanwa na mlango. Aliyemchezesha atafute kazi nyingine, kama anayo arudi huko huko. Wengine hawakujua kosa ni nini, walisema tu kwamba kuna kitu kimekufa. Wengi walisema bora wangemwacha alikokuwa.

Alijifungia bafuni akalia mpaka kwikwi. Aibu ilimshika kwanza, kisha hasira. Walimjua Ngebe kuliko yeye? Yeye aliyezaliwa naye? Lakini kilichomkata maini hasa hakikuwa matusi. Ni kwamba alimwahidi mzee kuwa atawasikia watu, na sasa mzee ataugeukia ukuta, na safari hii hatageuka tena. Akanawa uso, akasukuma mlango wa chumba cha nyuma.

"Watu wamefurahi sana, baba," akasema. "Sana. Simu haiishi kulia."

Mzee alimtazama. Mtu aliyeishi miaka mingi kwa kumtungia uongo Mzee Ngebe huwezi kumdanganya kirahisi namna hiyo. Akanyoosha mkono wa kulia, kiganja wazi, kuelekea kwenye simu.

"Betri imekwisha."

Kiganja hakikushuka.

Akampa. Mzee aliileta karibu na uso, akakunja kipaji. Tangu augue herufi zilikuwa zinamchezea. Akamrudishia, akagonga kioo kwa kidole: soma. Kitinda akatafuta la heri, akalipata moja. "'Tumefurahi kumwona tena Mzee...'"

Mzee akapiga kitanda kofi. "Aa!" Akagonga simu tena.

Hapo Kitinda akachoka. Alichoka kabisa, mwili na roho. Unataka kusikia, baba? Haya. "'Huyu si Ngebe,'" akasoma. "'Ngebe wetu alikuwa hai. Huyu ni soksi.'"

Akashuka kwenye skrini, akasoma jingine.

"'Nimezima kabla hakijaisha. Yule fundi wa zamani alikuwa anakufanya usahau kuna mkono ndani. Huyu wa leo nimeuona mkono wake dakika zote.'" Akaenda kwa la tatu. "'Yule wa mwanzo yuko wapi? Kama yu hai, jamani, nifikishieni salamu. Baba yangu alikuwa mkali sana, ni Ngebe ndiye aliyenichekesha utotoni. Huyu wa leo hawezi hata kumfungia viatu.'"

Upande mmoja wa mdomo wa mzee ulipanda. Kifua kikatikisika. Ilimchukua Kitinda muda kuelewa kinachotokea, kwa kuwa tangu kiharusi hakuwahi kukisikia: baba yake alikuwa anacheka. Machozi yalimtiririka jicho zima na lile bovu, na mkono wa kulia ukawa unazunguka hewani, lete, lete lingine.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kila tusi lililokuwa lake, kwa baba lilikuwa salamu. Watu walikuwa hawajamsahau, na ushahidi wake ni huu hapa, wamemkataa mwanawe. Kitinda alihisi furaha na wivu vikimpanda kooni kwa pamoja, hajui ameze kipi. Alitamani mzee amtazame hata kidogo, ampapase mkono, amwambie kwa namna yoyote aliyobakiwa nayo kwamba pole, umejitahidi. Mzee alikuwa anaitazama simu.

Kaka mkubwa akachungulia mlangoni, ameshtushwa na kicheko. "Unamsomea nini?"

"Yote," Kitinda akasema. "Mletee supu, leo atakunywa."

Akamfuta baba yake mate kwenye kona ya mdomo, akasubiri kikohozi cha kicheko kiishe. Kisha akashuka chini kwenye skrini kwa kidole gumba, akaruka waliosema kidogo, akaruka waliosema kwa upole, akitafuta aliyemchukia zaidi.